Uzi: Leza ya kukatia laini za paneli za TV, ile inayokaa juu ya hadubini. Kuifunga, kuilenga na kuipiga

#1 FundiWaZiwa, Kisumu (mwanzisha uzi)

Habari zenu mafundi wa Magharibi na Bonde la Ufa.

Juzi mama mmoja alinijia kutoka Ahero na televisheni ya inchi 43. Alikuwa amelipia viti viwili vya matatu ili isigongwe. Picha ilikuwa inatetemeka, inajikunja upande wa kushoto, kisha giza. Alikuwa ameambiwa mahali pengine kwamba paneli imekufa, na bei ya paneli mpya mnaijua wenyewe: unakaribia kununua TV nyingine. Nilipima kwenye tikoni, ile bodi inayoendesha paneli. VGH, yaani volti inayofungua safu za picha, ambayo kwenye paneli ile inafaa kuwa karibu volti 28, ilikuwa 9. Nikazima, nikachomoa utepe wa kushoto unaotoka kwenye tikoni, nikawasha tena. VGH ikapanda hadi 28 na nusu ya kulia ikatoa picha safi, safu zote zipo. Hapo nikajua paneli haijafa. Kuna shoti ndani ya kioo, ukingo wa kushoto.

Kwa wasiofuata: paneli nyingi za siku hizi hazina vipande vya IC vya kuendesha safu za mlalo. Transista zake zimechorwa juu ya kioo chenyewe, kushoto na kulia, na pande zote mbili zinavuta safu ileile. Transista moja ya upande mmoja ikishika shoti, inanyonya VGH yote na pande zote mbili zinalala. Dawa yake ni kukata zile laini (njia za umeme zilizochorwa kwenye kioo) zinazolisha upande mbovu, ule mzima ubebe safu peke yake. Laini hizo ni nyembamba, nyingine nyembamba kuliko unywele, na zimepangwa kama nyuzi za mkeka. Ndiyo maana watu wanatafuta leza inayokaa juu ya hadubini.

Nina hiyo mashine, niliinunua ikiwa imetumika, na kuisimamisha kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Wiki hizi nimepigiwa simu na watu wengi wakiuliza mambo yaleyale. Nayaweka hapa yote.

Neno langu la kwanza, na nitalirudia: leza ni hatua ya mwisho. Mwenye leza asiyejua kupima ataua paneli haraka kuliko mwenye bisibisi. Kabla ya kuigusa, fanya jaribio la utepe nililotaja. Ukichomoa upande mbovu na upande mzima ukaonyesha safu zote, kata. Ukiona safu moja ipo, moja haipo, hadi chini, hiyo paneli imegawana kazi: kushoto inaendesha safu za witiri, kulia za shufwa. Usiikate, utampa mteja TV yenye mistari. Na kuna paneli ndogo zinazoendeshwa upande mmoja tu. Hizo ukikata umezizika.

#2 Posho_na_Paneli, Kakamega

Ndugu FundiWaZiwa, shukrani sana kwa kulifungua hili. Mimi ni mmoja wa wale waliokupigia. Mashine yangu ilifika wiki iliyopita, bado iko kwenye sanduku lake la mbao. Shida yangu ya kwanza: duka langu linapakana na kinu cha posho. Kinu kikiwaka hata glasi ya chai inalia mezani. Je, nitafute chumba kingine kabla sijafungua sanduku?

#3 FundiWaZiwa

Usihame kwanza. Kwangu hapa Kondele malori ya kwenda Kakamega na Busia hayalali, na mwezi wa kwanza nilidhani nimeuziwa hadubini mbovu kwa sababu picha ya lenzi ya 50 (inayokuza mara 50) ilikuwa inacheza kama imeguswa na homa.

Jambo la kuelewa ni hili: mtikisiko si dhambi ikiwa kichwa cha leza na paneli vinatikisika pamoja. Balaa ni kichwa kwenda huku na paneli kwenda kule. Kwa hivyo usifunge nguzo ya hadubini ukutani kisha paneli ikae kwenye meza ya mbao. Vyote viwili vikae juu ya kitu kimoja kizito.

Mimi nilimwaga zege kwenye fremu ya mbao: urefu sentimita 120, upana 80, unene 6, na wavu wa chuma katikati. Likikauka lina karibu kilo 140. Chini yake nimeweka tyubu nne za bodaboda zilizojazwa upepo kidogo tu, zimelala juu ya meza ya chuma. Usizijaze zikawa ngumu, zikiwa ngumu zinapitisha mtikisiko kama jiwe. Nguzo ya hadubini nimeifunga kwa boliti kwenye zege lenyewe, na paneli inalala juu ya hilohilo zege kwenye kipande cha kioo kinene. Siku ya kupima, subiri jirani awashe kinu, weka lenzi kubwa kabisa, tazama ukingo wa laini moja kwenye skrini. Ukisimama imara, umemaliza. Ukicheza, punguza upepo kwenye tyubu au ongeza uzito.

Stima. Leza hizi za zamani zina taa ya mwako ndani, na taa hiyo hulishwa na kapasita zinazobeba mamia ya volti. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, kila stima inapopanda na kushuka nguvu ya pigo inaweza kubadilika, na kesho utashangaa kwa nini nishati iliyokata jana leo inapasua kioo. Weka stabilaiza nzuri kisha UPS. Waya wa ardhi uwe wa kweli, nondo ya shaba iliyozama kwenye udongo wenye unyevu, si waya uliofungwa kwenye dirisha. Na huko kwenu Kakamega mvua ya alasiri haiji bila radi: mawingu yakianza kukusanyika chomoa kila kitu, hata ukiwa katikati ya kazi. Ukifungua kasha la umeme, hata kama mashine imezimwa tangu asubuhi, chukulia kapasita bado zimeshiba mpaka mita yako iseme vinginevyo.

Maji. Kama yako inapoozwa kwa maji, usitie ya mfereji wala ya mvua. Maji yenye chumvi yanapitisha umeme, na ndani yake kuna taa inayowashwa kwa volti kubwa. Maji safi ya betri ya stesheni ya mafuta yanafaa, ila soma chupa kwa makini, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo. Yabadilishe kabla hayajaanza kuwa na utelezi wa kijani.

La mwisho ni kuvu. Sisi wa kando ya ziwa tunalijua: lenzi ikikaa kwenye unyevu bila kutumika inaota nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Kila jioni mimi hutoa lenzi za chini na kuziweka kwenye mkebe wenye vifuko vya kunyonya unyevu, mkebe ukafungwa kabisa.

#4 MwalimuWaFizikia, Nakuru

Hongera kwa maelezo, ndugu. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ufundi hapa Nakuru na wanafunzi wangu wawili wameanza kuzungumzia mashine hizi. Nimeona video nyingi mtandaoni za mafundi wakipiga leza hii bila miwani, wengine wakiwa wamevaa miwani ya jua. Naomba uliongelee hili kwa urefu kabla watu hawajaenda kununua.

#5 FundiWaZiwa

Mwalimu, asante kwa kuuliza. Hili nitaliandika polepole.

Leza yangu ni ya Nd:YAG. Inatoa mwali wa nanomita 1064, usioonekana, na kwa kupitia fuwele inatoa pia 532, ambao ni kijani. Kila pigo linadumu nanosekunde chache tu. Watu wanasoma kwenye kibandiko "milijuli 0.5" wanaona ni kitu kidogo. Gawanya: milijuli 0.5 ndani ya nanosekunde 5 ni wati 100,000 kwa muda ule. Ndiyo maana inageuza chuma kuwa mvuke bila kuipasha moto sehemu ya jirani. Sasa jicho lina lenzi yake, na lenzi hiyo inakusanya mwali kwenye retina ukawa mkali takribani mara 100,000 kuliko ulivyoingia. Mwali wa 1064 haumfanyi mtu apepese, kwa sababu hauonekani. Retina haina maumivu. Huhisi kitu. Unaona tu baadaye kwamba kuna doa, na retina iliyoungua hairudi.

Karakana niliyojifunzia, ambayo sitaitaja, ile swichi ya kifuniko inayozima leza ukiinua ilikuwa imefungwa kwa seloteipu ili kazi iende haraka. Mwenzangu alikuwa ameinua miwani juu ya kipaji anafuta jasho. Mtu mwingine akabonyeza kanyagio. Mwali uligonga fremu ya chuma ya paneli ukaruka. Leo mwenzangu akifunga jicho la kulia, herufi ya katikati ya neno haipo. Alikuwa na miaka 24. Hajawahi kurudia kazi ya hadubini.

Kwa hivyo kwangu ni sheria:

Miwani iwe imeandikwa 532 na 1064 zote mbili, na kinga ya OD (kipimo cha kuzuia mwali) 5 au zaidi kwa kila moja. Zile za 1064 peke yake zinapitisha kijani chote. Miwani ya kuchomelea haihesabiki, ya jua haihesabiki.

Kila mtu aliye chumbani anavaa, hata mteja aliyekuja kuuliza bei. Aliye bila miwani anatoka nje, mlango unafungwa.

Hakuna kutazama kwa lenzi ya jicho wakati wa kupiga. Mashine nzuri ina kizibo kinachofunga njia ya macho pigo linapotoka. Yangu nimeondoa lenzi za jicho kabisa, nimeziba matundu kwa vifuniko vya chuma, nafanya kazi kwa kamera na skrini peke yake. Sijawahi kuzikosa.

Toa pete na saa ya chuma. Funika fremu ya paneli kwa kitambaa cheusi kisichong'aa karibu na unapokata.

Swichi ya kifuniko haifungwi kwa seloteipu. Ikiharibika, kazi inasimama mpaka itengenezwe.

#6 MwalimuWaFizikia

Nimeinakili kama ilivyo, nitaisoma darasani Jumatatu. Mwenzako apone moyo, hata kama jicho halitarudi.

#7 Wembe_wa_Bungoma, Bungoma

Kwa heshima zote, omera, mimi nimekata laini za CK (zinazopeleka mapigo ya kuwasha safu moja baada ya nyingine) kwa wembe na kioo cha kukuza kwa miaka mitatu. Mteja anaondoka na picha. Kwa nini nitumie pesa zote hizo na nihatarishe macho?

#8 FundiWaZiwa

Ndugu yangu, sikupingi. Pale kwenye ukingo ambapo kioo cha chini kimechomoza na laini ni pana, wembe mkali na mkono uliotulia vinatosha. Nami bado nina wembe kwenye droo. Leza naitoa pale laini ya kukata iko katikati ya nyingine mbili ambazo sitaki kuzigusa na nafasi baina yao ni mikromita 20 au 30. Ncha ya wembe haikai humo. Na kuna laini zilizo chini ya kioo cha pili, ambako wembe haufiki kabisa lakini mwanga unapita. Ukikutana na paneli ambazo wembe unazimudu kila siku, usinunue leza.

#9 Posho_na_Paneli

Zege nimemwaga jana, wajomba zangu wamenisaidia kulibeba. Tyubu nimepata kwa jirani wa bodaboda. Sasa niko kwenye lenzi. Mashine imekuja na lenzi ya 5, ya 20 na ya 50. Ya 50 ina mkwaruzo, nikataka kuibadilisha na ya hadubini ya shule niliyonayo. Inaingia kwenye uzi wa skrubu vizuri kabisa. Halafu, nianzie wapi kulenga? Nikipiga naona mahali palipoungua si pale penye msalaba wa kamera, ile alama ya kulengea kwenye skrini.

#10 FundiWaZiwa

Hiyo ya shule iache. Kuna sababu tatu. Vioo vyake vimegandishwa kwa gundi ambayo haikutengenezwa kwa mapigo ya leza, ikiungua unaona wingu jeupe katikati. Pili, hukaa karibu mno na kitu: nusu milimita hivi, wakati lenzi ndefu za kazi hii, kwa mfano za Mitutoyo zilizosahihishwa kwa infraredi, ile ya 20 inakaa milimita 20 juu ya kazi na ya 50 milimita 17. Unahitaji nafasi hiyo ili chembe za chuma zinazoruka zisipake lenzi. Tatu, lenzi ya kawaida inakusanya 1064 mahali tofauti na mwanga unaoona. Picha itakuwa kali, lakini kata itakuwa imefifia na hutaelewa kwa nini.

Tumia ya 20 mpaka upate ya 50 safi. Kazi zangu nyingi nazifanya kwa 20.

Kulenga sasa. Usiguse skrubu za vioo vya ndani ya kichwa cha leza. Huko ndani kukiharibika hakuna fundi wa karibu. Unachosogeza ni msalaba wa kamera, au skrubu zile za nje zinazoshika kichwa juu ya hadubini.

Chukua kipande cha kioo, kipake wino wa kalamu ya maka nyeusi, tabaka moja jembamba. Kiweke sawa na mahali paneli itakapolala. Weka lenzi ya 20, sogeza mpaka uone chembe za wino zikiwa kali. Fungua nusu kile kidirisha cha mraba kinachopitisha mwali wa leza. Nishati iwe ya chini kabisa. Piga mara moja. Wino utatoboka ukaacha dirisha dogo jeupe. Peleka msalaba kwenye kitovu cha dirisha hilo, kisha sogeza kioo, piga tena mahali papya. Rudia mpaka mapigo matano mfululizo yaangukie msalabani.

Baada ya hapo tazama umbo. Unataka mraba wenye kona nne kali. Kidirisha kile ni kama stensili: leza inakiangazia na lenzi inapeleka picha yake chini, imepunguzwa. Ukifungua milimita 2, kwa lenzi ya 20 unapata mraba wa mikromita 100, kwa ya 50 unapata 40. Kona zikiwa na ukungu ilhali wino unauona vizuri, kamera na leza hazikubaliani kimo. Rekebisha kimo cha kamera, si cha kichwa, ukipanda na kushuka robo milimita, mpaka mahali picha inapokuwa kali ndipo na mraba unapokuwa mkali. Kazi hii ilinichukua siku nzima. Usiikimbilie, kila kata utakayofanya baadaye inategemea hapa.

Badilisha lenzi uende ya 5, kisha urudi 20. Piga tena. Kama pigo limehama, kichwa cha kuzungushia lenzi kina mchezo. Mimi huzungusha upande mmoja tu kila mara, ikapita shabaha narudi mzunguko mzima.

Na hili andika kwa maka ukutani: ukitoka lenzi ya 20 kwenda ya 50, nishati ileile inabanwa kwenye eneo dogo mara 6.25, maana 2.5 mara 2.5. Kabla ya kubadili, shusha nishati hadi chini. Kufunga kidirisha hakubani namna hiyo, kunakata tu sehemu ya mwali. Ukali wa kila mikromita unabaki uleule. Wengi wanachanganya haya mawili, na nimeona kioo kilichopasuka ufa wa nywele kwa sababu hiyo.

#11 Maabara_Kisumu, Kisumu

Samahani kuingilia. Mimi si fundi wa TV, nafanya kazi za tishu. Nimesoma uzi huu wote kwa sababu kanuni ni ileile kabisa. Kwenye maabara za utafiti kuna leza za juu ya hadubini zinazokata kundi la seli kutoka kwenye kipande cha tishu chenye unene wa mikromita 10 hivi, kikiwa kimelazwa juu ya utando mwembamba wa plastiki. Kipande kinaanguka kwenye kikombe, au kinarushwa juu kwa pigo. Njia ya kwanza iliyosambaa ilichapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 1996, wakiwa na leza ya infraredi. Za kukata leo hutumia zaidi miali ya ultravioleti, kama nanomita 355. Na kitu cha kwanza wanachofundisha ni hichohicho cha kalamu ya maka: chora, piga, lenga upya. Kila asubuhi, hata kama jana ilikuwa sawa.

#12 FundiWaZiwa

Dada au kaka, karibu sana. Hilo la kila asubuhi ndilo nililokuwa nimesahau kuandika. Joto la mchana Kisumu linatanua chuma cha nguzo, msalaba unahama kidogo. Mimi hupiga wino asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana.

#13 Mzee_wa_Busia, Busia

Vijana, nawasoma. Mimi mashine ninayo mwaka wa pili. Nakata, TV inawaka, mteja anafurahi. Baada ya miezi minne au mitano baadhi zinarudi, mistari imeanza palepale nilipokata. Laini za jirani zimekuwa na kutu ya kijani. Nakosea wapi?

#14 FundiWaZiwa

Shikamoo mzee. Hukosei kwenye kukata, ni baada ya kukata.

Juu ya laini zile kuna ngozi nyembamba ya kinga kama kioo. Pigo likiondoa chuma linaondoa na ngozi, na kingo zake zinaachwa wazi. Unyevu unaingia, na laini za jirani zina volti tofauti: moja iko juu ya volti 20, nyingine iko chini ya sifuri. Maji, chumvi ya vidole na volti ni karakana ya kutu. Busia na Kisumu hewa ni nzito, ndiyo maana zinarudi.

Mimi nafanya hivi. Kwanza nachora ramani: napiga picha ya eneo lote kwa lenzi ya 5, nafuata laini kutoka kwenye utepe wa COF (ule wenye IC, ulioshikamana na kioo) hadi inapopinda kuelekea ukingoni, naitia alama kwenye picha. VCOM, laini ya volti ya pamoja ya paneli nzima, hupita papo hapo, na mara nyingi ni ile pana. Ukiigusa utapata kivuli cha milele. Nikishaziandika laini za CK na zile za kulisha upande mbovu, nasubiri dakika kumi, naangalia ramani tena kwa macho mapya. Niliwahi kuiruka hatua hii mara moja na paneli ya mteja ikafa mikononi mwangu. Nilimlipa.

TV imezimwa, nyaya zote zimechomolewa. Mwali wa kijani ndio nautumia kwa laini za shaba, kwa kuwa shaba inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya ule wa 1064 na inanyonya kijani vizuri zaidi. Kidirisha nakifunga kiwe chembamba upande mmoja, upana wa kata mikromita 10 hivi, urefu uvuke laini kwa kiasi kidogo kila upande. Naanza chini kabisa, pigo moja, natazama. Chuma kikibadilika rangi tu bila kutoka, napandisha hatua moja. Kikitoka na kuacha kioo safi, hapo hapo ndipo nishati yako, usipande tena. Mapigo mengi madogo ni salama kuliko moja kubwa. Nakata mahali pawili kwenye kila laini, pakiwa na nafasi ya mikromita 30 kati, kwa sababu chembe moja ya chuma inaweza kuanguka kwenye kata ikaunganisha tena.

Kisha napima kwa mita: pande mbili za kata zisisomane kabisa. Hapo narudisha nyaya, nawasha, nasoma VGH. Ikiwa imepanda na kukaa, nazima tena.

Sasa ndiyo kazi yako iliyokosekana, mzee. Nasafisha kwa alkoholi ya isopropili na kijiti cha pamba kisichoacha nyuzi, mara mbili, mpaka hakuna vumbi jeusi. Napasha eneo kwa hewa ya moto ya chini kabisa, dakika chache, unyevu utoke. Napaka tone jembamba la gundi inayokauka kwa taa ya ultravioleti, ile ya mafundi wa simu, ikafunika kata na laini za jirani pande zote. Naikausha kwa taa. Usitumie silikoni inayonuka siki, siki hiyo ni asidi na italeta kutu ileile unayoikimbia.

#15 Mzee_wa_Busia

Marahaba mwanangu. Silikoni ya siki ndiyo nimekuwa nikipaka. Nazirudisha TV zote zilizorudi, nazisafisha upya bila malipo.

#16 Wembe_wa_Bungoma

Hata sisi wa wembe tunahitaji hiyo gundi. Nimepata kitu leo. Ndugu FundiWaZiwa, siku nikija Kisumu nitapita kuona hilo zege.

#17 Posho_na_Paneli

Ripoti. Miwani ilifika jana, nikasubiri hiyo kabla ya kuwasha chochote. Leo nimepiga wino mara arobaini hivi. Kinu kilikuwa kinasaga na picha haikutikisika! Mapigo yanaangukia msalabani. Ila mraba wangu: kona mbili za kulia ni kali kama wembe, mbili za kushoto zina ukungu. Nikishusha kidogo, kushoto kunakuwa kali na kulia kunafifia. Nimejaribu kimo cha kamera, hali haibadiliki.

#18 FundiWaZiwa

Vizuri sana, na asante kwa kusubiri miwani.

Hiyo si kamera. Kioo chako kimeinama ukilinganisha na lenzi. Inawezekana zege lilikauka na mteremko, au nguzo haijasimama wima. Kwanza zungusha kipande cha kioo nyuzi 180 upige tena. Ukungu ukihamia kulia, ni kioo chenyewe au kitu kilichonata chini yake, labda punje ya mchanga. Ukibaki kushoto, ni nguzo au zege. Hapo usihangaike na zege: legeza boliti za nguzo, weka kipande cha mkebe wa soda chini ya mguu mmoja, kaza, piga tena. Ongeza kipande kimojakimoja. Kona nne zikilingana, pima na kwa lenzi ya 50 utakapoipata, maana yenyewe haisamehi hata kidogo.

Nitumie picha ya mraba kabla na baada. Niko dukani mpaka saa moja jioni.